Nani mwenye haki ya kumiliki neno?

Katika kitongoji cha Sparkhill, mjini Birmingham, neno 'balti' limeandikwa kwa miaka mingi juu ya milango ya mikahawa kando ya barabara ya Stratford. Ni jina la mchuzi unaopikwa upesi na kuletwa mezani katika kikarai kile kile cha chuma, upishi ulioenezwa na wahamiaji kutoka Pakistan na Kashmir tangu miaka ya 1970. Mpishi anayetaka kulitumia jina hilo hahitaji ruhusa ya jirani yake.

Katika biashara ya michezo ya mezani mambo si mepesi hivyo. Kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, mji ulio kaskazini mashariki ya Birmingham, huuza visanamu vya askari kwa ajili ya mchezo wa vita uitwao Warhammer 40,000, uliotolewa mwaka 1987. Askari wake mashuhuri huitwa 'Space Marine', yaani wanamaji wa anga za juu, na kampuni hiyo ilisajili jina hilo kuwa alama yake ya biashara.

Mwezi Desemba 2012, kufuatia malalamiko ya kampuni hiyo, duka la Amazon liliondoa kitabu cha mwandishi wa Marekani, M.C.A. Hogarth, chenye jina 'Spots the Space Marine'. Mwandishi huyo alisema hana uwezo wa kugharamia kesi. Kitabu kilirejeshwa Februari 2013, baada ya shirika la kutetea haki katika mtandao, Electronic Frontier Foundation, kuingilia kati.

Wapinzani wa kampuni walikumbusha kwamba jarida la Marekani, Amazing Stories, lilichapisha hadithi ya wanamaji hao mwaka 1932, miaka 55 kabla ya mchezo wenyewe.

Hata hivyo, ukongwe wa neno peke yake haukatai usajili. Sheria hutazama bidhaa. Neno 'Apple' ni alama halali kwa kompyuta, lakini muuza matunda hawezi kuwazuia wenzake kulitumia. Ugomvi huzuka pale mwenye alama anapoivusha kutoka bidhaa moja hadi nyingine, kama vile kutoka visanamu hadi vitabu.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki watakumbuka suala la kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno 'Kikoy'. Shirika la biashara ya haki, Traidcraft, pamoja na mawakili, liliwasaidia Wakenya kupinga, na hatimaye ombi hilo likaachwa.

Nchini Uingereza, anayetaka kupinga hupewa miezi miwili tangu ombi kutangazwa katika jarida la alama za biashara, na muda huo unaweza kuongezwa hadi mitatu. Wafumaji wa vikoi, bila shaka, si wasomaji wa jarida hilo.