Ordinatere Haioni Karte ya Rezo? Tusiharakishe Kuiformata

Juma hili tunazungumzia ugonjwa mmoja wa ordinatere unaokula feza za vikundi vyetu bure. Mnawasha mashine, mnatafuta alama ya wifi pale chini ya kioo, na haipo. Siyo kwamba rezo inakatika-katika. Hakuna jina hata moja la wifi, ni kama ordinatere haikuwa na karte ya rezo tangu itengenezwe.

Hapo mara nyingi tunasikia majibu mawili: «Tuiformate», ao «Karte imekufa, leteni dola tununue ingine». Yote mawili yanaweza kuwa kweli, lakini mbele ya kutoa feza tuulize kwanza. Kuformata kunaweza kufuta kila kitu kilichomo: hesabu za likelemba, majina ya wanamemba, picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hapa Katanika wengi wetu tulifika mikono mitupu kwa sababu ya vita. Tunajua uzito wa kupoteza karatasi. Hatupendi kuzipoteza mara ya pili juu ya wifi.

Karte ya rezo ni kipande kidogo ndani ya ordinatere. Ili ifanye kazi, vitu viwili vinahitajika. Kwanza, kipande chenyewe kiwe kizima. Pili, kuwe na programu ndogo inayoitwa piloti. Bila piloti, karte ni kama mgeni aliyefika nyumbani na hakuna anayejua luga yake: yupo, lakini hakuna anayeweza kumtuma. Kumbe kuna magonjwa mawili, na dawa zake ni tofauti.

Tuanze na yale yasiyoomba feza. Tuangalie kama «Mode avion» haijawashwa. Ordinatere zingine zina kifungo pembeni, ao juu ya klavie, kinachozima wifi. Kisha tuchague «Redémarrer», siyo «Arrêter». Tangu Windows 8, «Arrêter» mara nyingi haizimi sistemu yote. Sehemu yake inatunzwa ili mashine iwake haraka, na kosa linaweza kurudi nayo. Ikiwa bado, tuzime kabisa, tuchomoe chaja, tutoe batri kama inatoka, tufinye kifungo cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi, halafu tuwashe tena. Karte iliyokwama inaweza kuamka kwa njia hiyo.

Ikikataa, tuingie ndani kidogo. Tufinye kifungo cha kuume cha souris juu ya alama ya Windows, tuchague «Gestionnaire de périphériques». Kuangalia tu hakuharibu kitu. Tutakuta moja kati ya mambo haya matatu.

La kwanza: jina la karte liko chini ya «Cartes réseau», lakini lina kamushale kanakoangalia chini. Karte imezimwa tu. Tufinye kifungo cha kuume juu yake, tuchague «Activer».

La pili: chini ya «Autres périphériques» kuna «Contrôleur réseau» yenye alama ya njano. Karte imeonekana, inakosa piloti. Jambo hili linatokea sana kisha kuformata: sistemu mpya imewekwa, piloti ya zamani imefutwa. Dawa ni telefone. Tuunge telefone ya Android kwenye ordinatere kwa kamba ya USB, tuwashe «Partage de connexion» kupitia USB. Mara nyingi ordinatere inapokea intaneti ya telefone hata kama karte yake haina piloti. Kisha tufungue Windows Update, ao tuende kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza mashine, kama HP, Dell ao Lenovo, na kutafuta piloti kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine. Tusichukue piloti pahali pengine popote. Virusi vinaingia kwa mlango huo. Tukitaka kujua karte ni ya nani, tufungue «Propriétés», kisha «Détails», tutafute namba ya matériel. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14E4 ni Broadcom.

La tatu: hakuna jina, hakuna alama ya njano. Hapo mashine yenyewe haioni karte. Inaweza kuwa imezimwa katika BIOS, imelegea kwa kutikiswa na pikipiki barabarani, ao imekufa kweli. Sasa ndipo fundi anaitwa. Tumwombe kwanza aangalie BIOS, kisha aikaze karte pahali pake, mbele ya kuuza ingine. HP na Lenovo kadhaa za zamani zinakataa karte isiyojulikana na kampuni yao, kwa hiyo karte iulizwe kwa modeli kamili. Njia nyepesi zaidi ni kakle ka wifi ka USB, kanachomekwa kwa inje bila kufungua mashine.

Fundi yeyote anayeshika ordinatere ya kikundi anakili kwanza hesabu zetu kwenye kle ya USB mbele ya macho yetu. Fundi mwema hatakasirika.

Na juma hili, wakati wifi ingali inafanya kazi, kila kikundi kiandike katika daftari modeli ya mashine na jina la karte yake, kisha kipakue piloti yake na kuiweka kwenye kle hiyohiyo. Kle ikae kwa mama mtunza-sanduku, pamoja na daftari la likelemba.