Mtoto Aliyefichwa Nyuma ya Mlango

Mama mmoja wa komini ya Lubumbashi alileta mtoto wake kwa sindano ya surua. Nilimwuliza, "Mama, ni huyu tu?" Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Yuko mwingine nyumbani. Ana miaka minne. Miguu yake haina nguvu. Kwenye shule ya watoto wadogo walimkataa. Walisema wenzake wataogopa."

Ndugu zangu, watoto huogopa yale wanayoona wakubwa wao wakiyaogopa. Wengine husema mtoto kama huyu amelogwa. Sivyo. Polio huweza kupooza miguu. Ubongo huweza kuumia mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au akipata malaria kali. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa huweza kunyoshwa kwa plasta inayobadilishwa kila juma, tukianza mapema.

Basi, mlezi afanye nini?

1. Mtoto kiziwi aketi mbele, auone uso wako. Sema naye kwa mikono pia.

2. Kipofu, mshike mkono, umjulishe mlango, choo na mkeka wake. Usihamishe vitu bila kumwambia.

3. Asiyeweza kuketi, seremala amfanyie kiti chenye mgongo na mkanda. Mlishe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo. Akilishwa amelala chali, uji huweza kuingia mapafuni, naye anaweza kufa.

4. Mwenye kifafa akianguka, mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ikipita dakika 5, mpeleke hospitali upesi. Dawa yake asikose hata siku moja.

Sheria ya nchi yetu namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Nasi wa kanisa tunamkumbuka Mefibosheti. Alikuwa na miaka 5 mlezi wake alipokimbia naye, akaanguka, akawa kiwete. Mfalme Daudi hakungoja apone kwanza. Alimpa nafasi mezani pamoja na wanawe.

Yule mama alirudi Jumapili, mtoto mgongoni. Tulimketisha mkekani katikati ya wenzake, tukamwegemeza kwa mto. Msichana mmoja akamsukumia mpira. Akaurudisha, akacheka. Mama yake alisimama mlangoni muda mrefu, akitazama.

Je, wewe msomaji, ni nani aliye nyuma ya mlango wako? Mlete. Nafasi iko.