Chuma Kisichouzwa Omurushaka

Omurushaka ni njia panda. Barabara itokayo Bukoba kupitia Kyaka hufika hapa, jirani na Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, na hapa njia nyingine inashika Nkwenda hadi Murongo, mwisho wa Wilaya ya Kyerwa, ng'ambo yake Uganda. Penye njia panda pana biashara. Kahawa inapita, ndizi zinapita, maharage na mabati yanapita. Mtu akitaka jembe, panga au shoka hapati shida.

Lakini akitaka jembe la chuma kilekile alichotumia Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, wa miaka 200 iliyopita, chuma kilichotolewa kwenye mawe ya nchi hii kwa mkaa, udongo na pumzi za watu, atazunguka maduka yote na kutoka mikono mitupu. Akienda Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam, jibu ni lilelile. Chuma hicho hakiuzwi.

Swali la nani atakitaka si la mzaha. Ulaya na Marekani wako maelfu ya watu ambao siku za mapumziko huvaa na kuishi kama watu wa Zama za Kati: mavazi ya sufu na kitani, viatu vya ngozi vilivyoshonwa kwa mkono, kofia za chuma, mikuki. Mashabiki hawa hubishana hata juu ya mshono, kama umepita cherehani au la. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Huko Guédelon, Ufaransa, tangu 1997 mafundi wanajenga ngome nzima kwa mbinu za karne ya 13: mawe yanachongwa palepale, mbao zinapasuliwa kwa shoka, na mhunzi yupo kiwanjani kunoa patasi za waashi.

Sasa tuseme shule moja ya Karagwe, au mtengeneza filamu, anataka kuigiza baraza la Omukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, katika ikulu yake ya Bweranyange mwaka 1861. Avishe watu nini? Awape mikononi nini? Na kila kitu akitoe wapi?

Joho la Mwarabu

Wengi wangekimbilia ngozi na manyoya, wakaona kazi imekwisha. Wangekosea. Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa Rumanyika wakitafuta chanzo cha Mto Nile, na Speke aliandika alivyomkuta amevaa: joho jeusi la Kiarabu, soksi za mapambo zilizotungwa kwa shanga za rangi, na bangili za shaba zilizofanyiwa kazi safi.

Joho lilifikaje milimani Karagwe? Kwa misafara. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu, na njia yao ilishuka Tabora hadi pwani. Walikuja kufuata pembe za ndovu, wakaleta vitambaa, nyaya za shaba na shanga, nyingi zikiwa za vioo kutoka Venice. Kwa hiyo mwigizaji akimvisha Rumanyika ngozi tupu ili aonekane wa asili, atakuwa amemvua historia yake. Karagwe ya wakati ule ilikuwa imeshashikana na bahari.

Vazi hilo si gumu kulipata. Joho linashonwa, shanga za vioo zipo, bangili za waya wa shaba zinasokotwa. Kwa watu wa kawaida barazani ngozi ya ng'ombe haitafutwi mbali katika nchi ya wafugaji, ingawa kuilainisha kwa samli na kuisugua kwa mkono ni kazi ya siku nyingi.

Vazi la gome la mti, lubugo, nalo lina njia. Mti wake ni jamii ya mkuyu, *Ficus natalensis*. Gome hubanduliwa majira ya mvua, kisha hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji hadi litanuke na kuwa kitambaa laini cha rangi ya udongo mwekundu. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba, nalo huotesha gome jipya la kuvunwa tena. Buganda, nchini Uganda, kazi hii ni hai mpaka leo. UNESCO iliitangaza kuwa hazina ya binadamu mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Mtu wa Omurushaka anayetaka lubugo la kweli ana safari ya kuvuka mpaka tu.

Mavazi basi yamepatikana. Kinachobaki ni mkuki.

Kwa nini chuma cha lori hakitoshi

Mhunzi mzuri wa leo anaweza kufua mkuki ukakata na kung'aa. Malighafi yake ni chuma chakavu, na kinachopendwa zaidi ni springi za magari. Umbo litakuwa sahihi kabisa. Chuma chenyewe hakitakuwa.

Springi imetoka kiwandani. Chuma chake kiliyeyushwa kikawa uji, kikasafishwa, kisha kikaongezwa vitu kama manganizi, silikoni au kromiamu ili kiwe na mnyumbuko. Chuma cha kale hakikuyeyuka. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, ilhali uchafu wa mawe yake huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,200. Katika tanuri la udongo, mkaa ukiungua kwa hewa ya kubana hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na gesi hiyo hunyang'anya oksijeni iliyofungamana na chuma ndani ya jiwe. Uchafu unatiririka chini kama lava na kuganda. Ndio ule uitwao mavi ya chuma. Chuma chenyewe kinabaki kigumu, bonge lenye matundu kama dodoki, limejaa mabaki ya uchafu. Mhunzi hulipasha moto na kulipiga, akalipasha na kulipiga tena, mpaka uchafu mwingi umekamuliwa.

Mwingi tu, hauishi wote. Kata kipande cha jembe la kale, kisugue, kiweke chini ya hadubini, utaona nyuzinyuzi nyeusi za uchafu zimelala kufuata mkondo wa nyundo. Springi ya lori haina nyuzi hizo. Mkuki uliofuliwa kwa springi unaweza kudanganya jicho la mtazamaji, lakini maabara haitachukua muda kuutambua.

Kwa hiyo anayetaka mkuki sahihi anapaswa kwanza kutafuta chuma sahihi, na chuma sahihi hakipatikani bila tanuri sahihi. Hapo mambo yanakuwa mazito, na hapo ndipo mkoa wa Kagera, ambamo Karagwe imo, una kisa kinachojulikana duniani kote miongoni mwa wataalamu wa chuma.

Tanuri la 1976

Mwanaakiolojia wa Marekani, Peter Schmidt, alianza kazi katika nchi ya Wahaya, mkoani humo, mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifuata simulizi za wazee, na simulizi zikamfikisha mahali kama Katuruka, karibu na Ziwa Viktoria, ambako ardhini alikuta mashimo ya matanuri na mavi ya chuma ya zamani sana. Lakini shimo halisemi lilivyofanya kazi. Ilibidi waulizwe waliowahi kulifanyia kazi.

Nao walikuwapo. Kufikia miaka ya 1920 majembe ya viwandani na vyuma vya kuletwa vilikuwa vimeua kazi ya kuyeyusha mawe. Hata hivyo katika miaka ya 1970 baadhi ya waliokuwa vijana matanurini walikuwa bado hai. Mwaka 1976 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali wa Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuri na kutoa chuma tena, baada ya zaidi ya nusu karne.

Angalia orodha ya vifaa, maana hakuna hata kimoja cha dukani. Udongo wa kichuguu ulitakiwa kwa kuta za shimo, kwa kuwa mchwa huuchambua udongo ukawa mwororo na wenye kustahimili moto. Mabonge ya mavi ya chuma kutoka matanuri yaliyokufa yalipangwa kuwa matofali ya kujengea tanuri jipya. Ilitakiwa mirija ya udongo wa kuchoma ya kupitishia hewa, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi kila mmoja na mtu wake. Mawe ya chuma yalichomwa kwanza kwa kuni ili yapasuke na kukauka. Mkaa ulitoka kwenye miti ya kuchagua. Mwishoni lilihitajika jambo ambalo mgeni asingeliwaza: nyasi za bwawani, mafungu kwa mafungu, zikachomwa ndani ya shimo hadi zikawa mkaa mwepesi uliojaza sakafu ya tanuri.

Nyasi hizo hazikuwa mila tupu. Mavi ya chuma yaliyoyeyuka yalidondoka juu ya nyasi zilizoungua, yakakutana na kaboni katika eneo kubwa, na kaboni ikaingia kwenye chuma. Chuma chenye kaboni kidogo, chini ya asilimia 2, ndicho chuma cha pua, kigumu kushika makali. Na Schmidt alipoangalia mavi ya chuma ya kale yaliyotoka ardhini, alikuta yana alama za nyasi zilezile. Wazee walikuwa wamekumbuka vizuri.

Palikuwa pia na masharti. Wayeyushaji walijitenga na wanawake siku za kazi, kwa sababu tanuri lenyewe lilihesabiwa kuwa mke, na chuma mtoto atakayezaliwa. Chini ya shimo dawa zilifukiwa. Anayeigiza kazi hii akaacha masharti ameacha sehemu ya kifaa, maana kwa wenyewe tanuri lisilo na dawa lilikuwa tanuri bovu, sawa na lisilo na mivukuto.

Haikuwa kazi ya kufanikiwa kwa mkupuo mmoja. Walijaribu, wakarekebisha, wakarudia. Kumbukumbu ya mkono uliopumzika miaka 50 inahitaji mazoezi ili irudi.

Ubishi wa wataalamu

Septemba 1978 Schmidt na Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science. Walidai kwamba wakazi wa magharibi mwa Ziwa Viktoria walitoa chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wakaongeza jingine zito zaidi: kwa kuwa mirija ya hewa iliingizwa ndani ya tanuri, hewa ilipata moto kabla ya kugusa mkaa, na mbele ya mirija joto lilipanda kupita nyuzi 1,800. Kupasha hewa kabla ya kuipuliza ndiko alikokuja kukupatia hataza James Beaumont Neilson wa Scotland mwaka 1828, na kukabadili viwanda vya chuma vya Uingereza.

Si wote waliokubali. Wataalamu kama J. E. Rehder na David Killick walihoji hesabu ya joto: je, hewa inayopita kasi katika mrija mfupi hupata muda wa kupashwa kiasi cha kuleta tofauti? Ubishi huo umeendelea kwa miaka mingi. Ambacho hakibishaniwi ni kwamba chuma kilitoka, na kwamba watu wa eneo hili walikuwa na ujuzi huo karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kupita.

Ng'ombe wa chuma

Karagwe yenyewe chuma kilikuwa zaidi ya zana. Kilikuwa ufalme. Miongoni mwa hazina za Bweranyange walikuwamo ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda, mafuawe na nyundo za kifalme, na mikuki ya fahari ambayo hakuna aliyekwenda nayo vitani. Msafiri Henry Morton Stanley aliingia katika nyumba ya hazina mwaka 1876 akaona bata wa shaba, ng'ombe wa shaba, na mikuki ya chuma ambayo ufundi wake aliusifu. Mfalme wa Karagwe alikuwa mtu wa ng'ombe na mtu wa nyundo kwa pamoja; fundi aliyeunda ng'ombe kwa chuma aliunganisha utajiri wa wafugaji na nguvu za wahunzi katika kitu kimoja cha kukaa mkononi.

Ndiyo maana chuma cha kuigizia Bweranyange hakiwezi kuchukuliwa kijuujuu. Joho likiwa la kitambaa cha leo, baraza bado linasimama. Mkuki wa mfalme ukiwa wa springi, kilichokosewa ndicho kitu ambacho watu wale walikiona kuwa kiini cha enzi.

Bado njia ipo, na hatua zake zimeandikwa. Majaribio ya Wahaya yamesimuliwa katika vitabu vya Schmidt na katika filamu ya mwaka 1988 iitwayo The Tree of Iron. Vichuguu vipo, nyasi za bwawani zipo, mbuzi wapo. Kinachotakiwa ni kundi la watu walio tayari kupuliza mivukuto kwa saa nyingi ili wapate bonge ambalo huenda lisitoshe hata majembe mawili.

Asiye na kundi hilo asikate tamaa wala asidanganye. Mhunzi wa springi amfulie mkuki kwa kufuata umbo la kale, inchi kwa inchi, na siku ya maonyesho aandike chini yake kwa herufi za kusomeka: umbo la Bweranyange, chuma cha lori.