Usichomoe Betri Injini Ikinguruma

"Tulichomoa kichwa cha betri injini ikinguruma, na haikuzima. Kama alternata ni nzima, mbona asubuhi gari haliwaki?" Swali hili huletwa na wenye Peugeot 504 na wenye Datsun 1200, na huongezeka maonyesho ya magari ya kale ya Concours yanapokaribia pale uwanja wa farasi wa Ngong Road. Kipimo chenyewe wamefanyiwa kando ya barabara, Kibera au Kawangware, na fundi mwenye spana ya kumi na imani kubwa.

Kipimo hicho hakipimi kitu. Injini ya petroli ya zamani inataka umeme kidogo tu wa koili ili iendelee kuzunguka. Alternata iliyoungua dayodi moja bado hutoa kiasi hicho, ila ukiwasha taa inashindwa kujaza betri. Gari lisipozima, hujajua lolote. Kibaya zaidi, betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiichomoa betri wakati alternata inachaji, volti huruka ghafla kutoka 14 hadi makumi kadhaa, na dayodi na regulata ndizo zinazopokea kipigo. Umekuja na alternata nzima, unaondoka na mbovu, na fundi anakuambia, "Si nilikwambia?"

Wazee wa kazi watanijibu kwamba wamefanya hivyo miaka yote. Kweli, kwenye Land Rover Series II yenye dinamo, isiyo na dayodi za kuungua. Series III ya 1971 ilikuja na alternata. Gari lilishabadilika, mzee wangu.

Sasa nunua mita. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri isome kama volti 12.6; injini ikinguruma, 13.8 hadi 14.4. Isipopanda, kagua mkanda, halafu taa nyekundu ya chaji: kwenye magari mengi ya enzi hizo, balbu hiyo ikiungua alternata haiamki. Ikipanda na asubuhi bado hakuna moto, huenda kuna kinachonyonya usiku. Zima kila kitu, weka mita kwenye ampia kati ya betri na waya wa hasi, usiguse stata, kisha chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Stata ikizunguka kichovu na betri ni nzima, rudisha mita kwenye volti, upime kutoka hasi ya betri hadi bodi ya injini mtu akipiga stata; ikizidi nusu volti, erthi imeshika kutu. Ifungue, piga msasa, kaza. Na ile karatasi ya pakiti ya sigara iliyokaa mahali pa fyuzi, itoe leo kabla hujalala.