Dada, huenda hilo si chango

Dada yangu katika imani, maumivu ya chini ya kitovu yasiyokwisha usiyaite chango ukanywa mizizi tu. Yakiambatana na uchafu wenye harufu ukeni, homa, maumivu wakati wa tendo la ndoa au damu nje ya siku za hedhi, huenda vijidudu, mara nyingi vya kisonono au klamidia, vimepanda hadi kwenye kizazi na mirija. Mirija ikipata makovu, mimba huweza kutunga nje ya kizazi, au isitunge kabisa. Wengine hawaumwi sana, na hiyo ndiyo hatari yake.

Kujiosha ndani kwa sabuni hakuponyi. Istinjaa ni ya nje tu. Wahi kituo cha afya. Dawa kwa kawaida ni za siku 14. Mume naye atibiwe hata kama hana dalili (hapa wanaume wenzangu hukaidi sana!), na msikutane kimwili mpaka nyote mmemaliza dozi.