Kilo Ishirini Utosini

Jua la Adu, Magarini, pwani ya Kenya, halijaanza kuuma, na wasichana wamekwisha kurudi na mitungi. Ni ile ya manjano ya lita 20, iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Kifuniko kilipotea zamani, mdomo umezibwa kwa mfuko wa nailoni uliosokotwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo kila mmoja ana kilo 20 utosini, juu ya kata ya leso, na mkono unaougusa mtungi uko pale kwa mazoea tu. Akikutana na mtu mzima njiani husimama, huamkia, huulizwa habari za nyumbani na kuzijibu zote. Mtungi hautikisiki.

Sasa iwekwe hesabu nyingine kando ya mtungi huo. Katika Shule ya Ranger ya jeshi la Marekani, mmoja wa mitihani ni kwenda maili 12, karibu kilomita 19, kwa saa tatu, shanta la kilo 16 hivi mgongoni. Aprili 2015 wanawake 19 waliruhusiwa kujaribu kwa mara ya kwanza. Agosti walifuzu Kristen Griest na Shaye Haver, na Oktoba akafuata Lisa Jaster.

Kilo 16? Sajini mmoja mstaafu, mama wa huku Magarini anayewafanyisha mbio asubuhi, bila malipo, wasichana wanaotaka jeshi, aliisikia hesabu hiyo akacheka. Kisha akaivunja. Shingo iliyozoea mtungi, anasema, si mabega yaliyozoea shanta. Mtungi unakandamiza wima, shanta linavuta nyuma na mikanda inakata. Msichana akirushwa ghafla kwenye mazoezi makali, mifupa ya miguu na nyonga hupata nyufa ndogo ndogo, jambo ambalo majeshi mengi yameliona kwa wanawake kuliko wanaume. Yeye haombi mtu aonewe huruma. Anaomba miezi: ya kuzoeshwa kidogo kidogo, na viatu vya saizi yake.

Tangazo la kuandikishwa katika jeshi la Kenya analijua kwa moyo. Umri miaka 18 hadi 26. Urefu mita 1.60 kwa wote. Uzito kilo 54.55 kwa mvulana, 50 kwa msichana, naye asiwe mjamzito, si siku ya kuandikishwa wala wakati wa mafunzo. Hizo kilo nne na ushei ndizo nafuu yote aliyopewa mwanamke kwa maandishi, anasema sajini. Uwanjani watu hukimbia, hupimwa, hukaguliwa meno na nyayo, na mwenye bahati huandikwa mkononi kwa kalamu ya wino mzito. Wengine huwa nyumbani kabla ya adhuhuri.

Hata hivyo, mwanamke kuingia jeshini si muujiza tena. Kikosi cha wanawake peke yao, walikokuwa wakitengwa, kilivunjwa 1999, na Fatuma Ahmed, meja jenerali tangu 2018, alikabidhiwa Jeshi la Anga mwaka 2024. Sajini anampigia saluti. Lakini swali lake ni la vikosi maalumu, wale wanaoruka kwa parachuti na kulala porini. Huko, kwa maelezo yake, huendi kwa kupanga foleni uwanjani. Lazima mkubwa wako akuone unafaa. Na msichana aliyepangiwa stoo, zahanati au mitambo ya simu ataonwa na nani?

Norwei waliona njia yao mwaka 2014: wakaanzisha Jegertroppen, mafunzo ya kikomando ya wanawake pekee, baada ya kutambua kule Afghanistan kwamba askari wanaume hawawezi kuzungumza na nusu ya kijiji. Mtu wa Pwani haelezwi hoja hiyo mara mbili. Tangu operesheni dhidi ya al-Shabaab katika msitu wa Boni ianze 2015, nani wa kumpekua mama aliyevaa buibui? Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, kifungu cha 241, inataka uongozi wa jeshi uonyeshe sura ya maeneo na makabila ya nchi. Jinsia haikutajwa hapo. Ilisahauliwa, au iliachwa?

Hapa mtu humtaja Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, aliyezikwa Bungale, humu humu Magarini: mwaka 1913 alihamishiwa Kisii, akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Sajini hapendi sana atajwe. Kila mwaka anasifiwa kwa hotuba, anasema, na yeye hakupimwa urefu.

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kwake kuna mstari wa chaki, mita 1.60 kamili. Msichana mmoja, mwepesi kuliko wenzake wote mbioni, alitua mtungi, akafuta jasho, akasimama wima penye mstari. Vidole viwili vilipungua. Amekuwa akibeba maji tangu akiwa na miaka saba, na sajini bado anatafuta daktari wa kumwambia kama mtungi ndio uliovila vile vidole viwili. Msichana hakuuliza kitu. Alikunja kata, akachutama, mwenzake akamtwika.