Kliniki ya saa mbili na njia ya ndovu

Mtu aliyejeruhiwa na ndovu huko Sagalla akiandikiwa kurudi hospitalini Voi saa mbili asubuhi, itambidi atoke kwake kabla ya kupambazuka. Huo ndio wakati ndovu waliokesha mashambani wanaporejea mbugani. Njia atakayoipita huenda ndiyo ile ile aliyovamiwa. Asipofika, ni rahisi aonekane ameacha matibabu kwa uzembe. Mshauri nasaha anayeijua kaunti hii ya Taita Taveta huanza kazi yake hapo, kwenye saa ya miadi, kabla hajamuuliza mtu neno lolote kuhusu yaliyomkuta. Humwambia aje saa nne, jua likiwa limewaka na watu wapo njiani.

Mji huo wa Voi, pamoja na wadi yake ya Kaloleni, ni mahali ambapo watu wa kila aina hukutana: Wataita (Wadawida walioshuka milimani na Wasaghala), Wakamba, Wagiriama, Waswahili, Wasomali, vibarua wa mashamba ya mkonge, madereva wa malori ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikuta ndovu karibu 15,000 katika eneo la Tsavo. Katika ukame wa 2022 ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba, na wenye uhai walizidi kusogea kwenye makazi ya watu wakitafuta maji na malisho.

Majeraha ya mwili tunayaona. Kiwewe hakionekani upesi. Mwenye woga wa kawaida hutulia hatari ikishapita, lakini mwenye kiwewe mwili wake hukataa kuamini kwamba imepita. Tawi likikatika usiku, moyo unamwenda mbio na mikono inalowa jasho. Anaacha kwenda shambani, baadaye anaacha kwenda kuteka maji, mwishowe haendi hata matangani kwa jirani kwa kuwa atarudi giza limeingia. Majirani humwona mvivu, au mwenye kiburi. Watoto wake hawalali mpaka mama yao alale, naye halali.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyebaki na ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Kwa hofu hakuna kiwango. Na kuifuata hiyo fidia ni kusimulia: kwa askari wa Shirika la Wanyamapori (KWS), kwa chifu, kwa polisi, kwa daktari anayejaza fomu, na maombi yafike kwenye kamati ya kaunti. Mjane anaeleza jinsi alivyoukuta mwili wa mumewe, karatasi moja inapungua, anarudi kueleza upya. Mshauri akimpokea mama kama huyu na kufungua mazungumzo kwa “hebu nieleze kilichotokea”, amejiongeza tu kwenye msururu wa maofisi.

Anayeijua kazi huanza na mengine. Umelala? Umekula? Usiku nani anakaa nawe? Akitaka kuketi karibu na mlango aachiwe aketi. Aambiwe mapema kwamba anaweza kunyamaza, kusimama, au kuondoka na kurudi siku nyingine, wala hakuna atakayemkasirikia. Habari ya tukio italetwa na mwenyewe siku atakapoweza, kwa vipande, na ikikatika katikati asisukumwe. Usalama hutangulia, uaminifu hufuata, simulizi huja nyuma. Na lugha aichague yeye. Mtu anaweza kununua na kuuza kwa Kiswahili sokoni Voi miaka yote, lakini akilia, hulia kwa Kidawida au Kisaghala. Mkalimani akihitajika, asiwe mtoto wake.

Wataita nao hawakumsubiri mtaalamu kutoka mbali ndipo wajue kwamba linalofungiwa moyoni hudhuru. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi milimani Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, “Casting Out Anger”, kilichochapishwa 1978. Kiini chake ni kutasa. Mtu hutia pombe au maji kinywani, akayapuliza nje, huku akitamka maneno ya kuitoa hasira na kuomba amani na afya. Hasira ya ndugu, hata ile ambayo mwenyewe hajui kwamba anayo, iliaminika kuleta maradhi na mikosi. Mtoto akiugua, ilitafutwa ni nani katika jamaa aliyeweka jambo moyoni.

Hebu tutazame kilichomo ndani ya tendo hilo. Hasira inatajwa mbele ya watu bila mwenye nayo kuaibishwa. Mwili unashiriki, kwa kinywa na kwa pumzi. Jamaa wapo, na wakimaliza wanabaki kuwa jamaa. Chumba chenye viti viwili na mlango uliofungwa hukosa mengi ya haya, na ndiyo maana watu wengi hukijia mara moja tu.

Hasira ya huku, isitoshe, ina umri mrefu. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwang’oa watu wa Kasighau kwa nguvu na kuwapeleka Malindi, wakiwashuku kwamba waliwasaidia Wajerumani, na wengi walifia huko. Mwaka 1948 ikatangazwa mbuga ya Tsavo, na ardhi ile tuliyoitaja ikachukuliwa. Mzee aliyesimuliwa hayo na babake huwasikiliza maafisa wa leo kwa masikio yale yale. Mshauri asiyeijua historia hii ataandika kwenye faili kwamba mzee ni mkaidi.

Harris alichapisha pia, mwaka 1957, makala kuhusu saka, hali iliyowashika wanawake wengi wa Kitaita: kutetemeka na kupoteza fahamu, wakati mwingine baada ya kuona au kusikia kitu kigeni kama gari. Ngoma ilipigwa hadharani kwa ajili ya mgonjwa. Mwanamke ambaye nyumbani hakuwa na sauti alipata siku ambayo kijiji kizima kilimtazama na kumhudumia. Mwanamke wa leo akija kliniki akilalamikia kichwa, mgongo na mapigo ya moyo, na vipimo vyote vikatoka safi, asirudishwe nyumbani na vidonge vya maumivu peke yake. Aulizwe habari za kwake.

Lakini hapa wengi huteleza. Wamishonari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, Wakatoliki wakafuata Bura mwaka 1892, na wapo Wataita wengi wanaoiona kutasa kuwa ibada waliyoiacha siku ya ubatizo. Wapo Waislamu wa mjini watakaotaka dua. Yupo kijana aliyezaliwa na kukulia mjini asiyejua sentensi mbili za Kidawida. Kusikia jina la Kitaita linaloanza na Mwa na papo hapo kumpangia mtu kutasa ni kumdharau vilevile kama kumpuuza. Jawabu ni kumuuliza: kwenu jambo kama hili likitokea hufanywa nini? Wewe ungependa lifanywe? Nani awepo, na nani asiwepo? Swali la mwisho liulizwe akiwa peke yake, hata kama amesindikizwa na mjomba mwenye heshima zake.

Kwa sababu kuna mambo ambayo mila haipewi kiti. Msichana aliyenajisiwa na jamaa, au mke aliyevunjwa mkono na mumewe, asiitiwe kikao cha kutoa hasira. Sheria ya Makosa ya Kingono ipo tangu 2006, na makosa kama haya si ya ukoo kuyamaliza nyumbani kwa mbuzi. Kumtaka binti aachilie la moyoni huku aliyemtenda ameketi mbele yake ni kumjeruhi mara ya pili. Namba ya 116 ni ya watoto, 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, na zote hupigwa bila malipo.

Wengine watasema haya yanahitaji madaktari wa akili wengi, na hatunao. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Bungoma na Moshi kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliowashauri hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa vizuri na kusimamiwa kwa karibu, na walifanya kazi na walezi pia. Huko Bungoma, mwaka mmoja baadaye, watoto waliopata ushauri huo walikuwa bado wana nafuu kuliko wenzao. Wahudumu wa afya ya jamii tunao tayari Kaloleni na Sagalla, wanaojua kila boma na kila njia. Kinachokosekana ni mafunzo, na msimamizi wa kuwashika mkono wanapozidiwa.

Naiomba serikali ya kaunti na KWS jambo lililo ndani ya uwezo wao. Timu inayofika bomani baada ya shambulio iandamane na mshauri, na maelezo ya familia yaandikwe mara moja, kisha ofisi zote zitumie nakala hiyo hiyo. Naye msomaji anayeishi na mtu asiyelala, anayegutuka, au anayesema amechoka na maisha, asimfiche. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kulifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kunakiuka Katiba, kwa hiyo mtu huyo ni wa kupelekwa hospitali bila kuogopa polisi. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko hapo Voi, na laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bila malipo.